Wajuzi wa silaha za kale njooni: bastola ya matundu matano, imeandikwa "APRIL 3 … 55", ni kitu gani hiki?

Mnyamwezi wa Dayton (#1)

Habari za jioni wakuu.

Naishi Dayton, Ohio, huu mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kuhamisha vitu vya nyumba za watu. Mtu akifariki, au akihamia kwa wanawe, tunaitwa kumaliza vilivyobaki. Mara nyingi ni makochi, masufuria na magazeti ya tangu enzi za Nixon.

Wiki iliyopita tulikuwa kwa bibi mmoja mjane, miaka themanini na ushee. Stoo ya marehemu mumewe ilijaa makopo ya misumari. Chini kabisa ya sanduku moja kulikuwa na soksi ndefu ya sufi, nzito kama ina tofali. Nikaifungua: bastola. Nikamwita bibi. Akaitazama kwa mbali akasema ilikuwa ya babu wa mumewe, yeye haitaki ndani ya nyumba, nichukue. Nikamwambia hapana mama, ngoja kwanza nijue ni nini nisije nikakudhulumu. Kwa hiyo bado ipo kwake, ndani ya soksi yake, ila ruhusa ya kuipima ninayo.

Picha zinagoma kupanda, nitaeleza kwa maneno. Ni ndefu, karibu kilo moja na robo. Mtutu una pembe nane na nimeupima kwa tepu, inchi nane. Kuna chuma kinachopita juu ya silinda, kimeungana na mwili mzima. Kikinga cha triga ni cha shaba ya njano. Chini ya mtutu kuna wenzo wa kushindilia, kama zile bastola za baruti za kwenye filamu za kaubo. Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa: silinda haina chuchu za kuwekea fataki, vile vikofia vidogo vya kuwashia baruti. Matundu yake yametoboka mbele hadi nyuma, unachungulia unaona mwanga. Na ni MATANO. Moja limeziba. Nyundo nayo ina ncha ndogo iliyokaa kwa juu, haielekei katikati ya tundu.

Juu ya mtutu maandishi yamelika: "…TED SEPT. 14, 18…", chini yake "…GTON & SONS, ILION". Kwenye silinda nasoma "APRIL 3" halafu pengo halafu "55".

Nimetafuta mtandaoni hadi macho yameuma. Zinazofanana nayo zote zina matundu sita. Hii imepungukiwa nini?

Kiroboto (#2)

Uzi wa bastola bila picha ni sawa na kualikwa pilau ukakuta maelezo ya pilau. Naweka kambi hapa, ngoja wajuzi waje.

Afande Mstaafu (#3)

Mnyamwezi, kabla ya yote: umesema tundu moja limeziba. Limeziba na nini? Kama ni risasi, hiyo bastola imepakiwa. Usiivute nyundo, usiigonge, usiingize bisibisi, usilimwagie mafuta ukidhani utalilainisha. Irudishe kwenye soksi mdomo ukielekea pasipo na mtu, kisha tafuta fundi wa bunduki mwenye leseni hapo mjini. Nimekaa ghala la silaha miaka 22. Waliojiumiza mbele ya macho yangu wote walikuwa na sentensi moja: "nilijua haina kitu."

Kuhusu jina lake, hiyo ni Remington, hakuna mjadala. Ilion ni mji wao kule jimbo la New York. Zilikuwa bastola za baruti na fataki, matundu sita, zilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hiyo yako kuna fundi wa mtaani aliyeichezea baadaye ili ile risasi za maganda. Akakosa silinda ya matundu sita akatengeneza ya matano. Sisi huku tumeona magobore yamegeuzwa kila namna, hadi bomba la maji limekuwa mtutu. Mafundi wa namna hiyo wapo dunia nzima.

Chuma Chakavu (#4)

Hiyo ni Colt wakuu, msisumbuke. Bastola zote za kaubo ni Colt.

Mzee wa Kasiba (#5)

Nimesoma mara mbili kabla ya kugusa kibodi. Shikamoo Afande. Ulilosema kuhusu tundu lililoziba lifuatwe neno kwa neno. Ila hilo la fundi wa mtaani naomba nikupinge kwa adabu.

Mimi mtoto wa Tanga, niko Connecticut tangu 1989 nikikereza vyuma kiwandani, sasa nimestaafu. Bastola za kale ndio ugonjwa wangu, mke wangu ameshasalimu amri.

Chuma Chakavu, si Colt. Colt kubwa za enzi hizo zilikuwa wazi juu, mtutu na mwili vimeshikana kwa kabari iliyopita ubavuni. Yenye chuma juu ya silinda, kipande kimoja na mwili, tena imeandikwa Ilion, ni Remington. Na "Sept. 14" aliyoiona ni Septemba 14, 1858, siku mtu aitwaye Fordyce Beals alipopewa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki wazo) ya muundo huo. Ndiyo maana watu huiita "ya 1858" ingawa aina hii yenye mtutu wa inchi nane ilianza kutoka 1863, vita vikiwa vimepamba moto.

Sasa twende kwenye silinda, maana hapo ndipo penye utamu. Aprili 3, 1855 si tarehe ya Remington. Ni ya mtu mwingine kabisa, Rollin White, aliyewahi kufanya kazi Hartford kwenye kiwanda cha Colt. Siku hiyo alipata hataza ambayo ndani yake kulikuwa na wazo la silinda iliyotobolewa mbele hadi nyuma, ili risasi iingizwe kwa nyuma. Leo hata mtoto anaona ni jambo la kawaida. Wakati ule silinda zilikuwa zimefungwa nyuma, unajaza baruti na risasi kwa mbele, kisha fataki kwenye chuchu. Bastola aliyoichora White mwenyewe haikufaa kitu. Lakini wazo moja lile, tundu lililopita moja kwa moja, lilikuwa limefungiwa kabatini kwa jina lake hadi Aprili 1869.

Waliolitambua kuwa ni dhahabu ni Smith na Wesson, watengeneza bastola wengine. Walikuwa wanasubiri hataza ya Colt iishe 1857 watoe bastola yao ndogo ya risasi ya .22 (yaani upana wa sehemu 22 kati ya mia za inchi). Wesson akagundua bila White hawawezi. Wakakubaliana 1856: White alipwe senti 25 kwa kila bastola. Kumbe kwenye mkataba kuna kipengele kinachosema atakayewashtaki wezi wa hataza ni White mwenyewe, kwa fedha zake. Mahakama zikamla. Kesi moja ilifika Mahakama Kuu ya Marekani 1863, majaji wakagawanyika nne kwa nne, kwa hiyo ushindi alioupata chini ukabaki. Hataza ilipoisha akaenda kwa wabunge wamwongezee muda, wakakubali, na mnamo Januari 1870 Rais Grant akaukataa muswada. Mkuu wa idara ya silaha ya jeshi alikuwa ameeleza jinsi hataza ile ilivyolikwamisha jeshi wakati wa vita. Senti 25 zikazaa mawakili.

Nimezunguka kidogo, mnisamehe. Ninachotaka kusema ni hiki: kabla ya Aprili 1869, ukiona bastola kubwa ya Kimarekani yenye silinda iliyotoboka, ama imeibiwa wazo, ama ina ruhusa. Na iliyoibiwa wazo haiandikwi tarehe ya mwenye wazo! Hiyo yako imeandikwa.

Mnyamwezi, fundi akishaifanya salama, nipimie upana wa tundu moja kwa vernia, kile kipimio cha vipande vya milimita, upande wa nyuma. Pia vua mbao za mpini uone namba upande wa kushoto, ulinganishe na namba iliyo chini ya mtutu, ile inayofichwa na wenzo. Na utazame kama kuna alama ndogo ya nyota na herufi PN au neno lolote la Kiitaliano. Waitaliano wanatengeneza nakala za bastola hizi hadi leo, wengi wao kule Gardone Val Trompia, na nakala ikizeeshwa kwa tindikali humdanganya hata mtu mzima.

Binti Mvita (#6)

Mzee wa Kasiba, marahaba yako tunaidai, shikamoo. Samahani kwa swali la kizembe: kwa nini ncha ya nyundo ikae juu? Risasi nilizoziona kwenye makumbusho hapa Mombasa zina duara dogo katikati ya kitako, ndiyo inayogongwa.

Mzee wa Kasiba (#7)

Marahaba mwanangu, wala si swali la kizembe, ndilo swali lenyewe.

Hizo ulizoziona ni za kugongwa katikati: kuna kifataki kidogo kimepachikwa kwenye kitako cha ganda. Kabla yake zilitamba za kugongwa ukingoni, huku wanaziita rimfaya. Ganda lake ni la shaba laini, ukingo wa chini umekunjwa una uwazi ndani kama pindo la kanga, na baruti ya kuwashia imejazwa ndani ya pindo hilo. Ukibonyeza pindo popote, inawaka. Kwa hiyo nyundo haina haja ya kulenga katikati, inapiga pembeni.

Mfaransa Flobert ndiye aliyeanzisha kijirisasi cha namna hiyo miaka ya 1840, cha kuchezea sebuleni. Smith na Wesson wakakikuza kikawa .22, na huyo yupo hadi leo, ndiye wa kufundishia vijana shabaha. Wakubwa wake wamekufa. Sababu ni hilo pindo: ili nyundo iweze kulibonyeza lazima ganda liwe jembamba, na ganda jembamba halivumilii msukumo mkubwa. Isitoshe huwezi kulijaza upya. Kile cha katikati unaking'oa kifataki, unaweka kingine, maisha yanaendelea.

Ndiyo maana pia namkataza Mnyamwezi asiifyatue tupu. Bila risasi ndani, ncha ya nyundo inapiga ukingo wa tundu lenyewe, inaacha kovu.

Papa Uvira (#8)

Mimi niko hapa Columbus, saa moja na kitu tu toka kwako ndugu Mnyamwezi. Kama yule mama hataki ile kitu, si uiuze tu? Niko na rafiki ananunuaka vitu vya zamani, analipa na mkono siku ile ile.

Mnyamwezi wa Dayton (#9)

Papa Uvira, hapana kaka. Rafiki anayelipa siku hiyohiyo bila kuuliza ni kitu gani, namjua bila kumwona.

Wakuu nimefuata maagizo. Jumamosi nilimchukua bibi na soksi yake, tukaenda kwa fundi wa bunduki. Tulimpigia simu kwanza, akasema tuiache kwenye buti ya gari, atakuja kuichukua mwenyewe. Mtu makini.

Alishusha wenzo ule wa chini, akavuta kipini kuelekea mbele, silinda ikaanguka kiganjani kwake kama embe bivu. Sekunde tatu. Nilidhani angehitaji nyundo.

Lililoziba ni ganda, tayari limeshafyatuliwa, limevimba na kuganda humo. Alilisukuma taratibu kwa kijiti cha mti kutoka mbele. Ni la shaba nyekundu, siyo njano. Kitako chake hakina duara la katikati, ni bapa, na ukingoni kuna mbonyeo mmoja. Katikati imegongwa herufi U.

Alama za Kiitaliano hakuna. Vernia ya fundi ilisoma milimita 11.75 upande wa nyuma wa tundu. Namba ya chini ya mtutu na ya chini ya mpini ni moja. Kingine nilichosahau kusema: kati ya silinda na mwili kuna bamba la duara la chuma, limefungwa nyuma pale risasi zinapoegemea. Kwenye bamba hilo kuna kijinamba kidogo cha tarakimu mbili, na kijinamba hichohicho kipo nyuma ya silinda.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti anakula biskuti za fundi. Aliuliza swali moja tu: "Hilo dude lilimpiga mtu?" Hatukuwa na jibu.

Kiroboto (#10)

Hapo kwenye embe bivu nimeiona picha. Nafuta malalamiko yangu.

Afande Mstaafu (#11)

Marahaba Kasiba, japo huenda wewe ndiye mkubwa.

Nimefurahi sana kuhusu ganda. Lakini sijang'oka. Tarehe hata mhuni anaweza kuigonga kwa patasi. Sikubali kwa herufi peke yake.

Mzee wa Kasiba (#12)

Na usikubali, Afande, ndiyo raha ya jambo hili. Twende kwa hesabu.

Milimita 11.75 gawa kwa 25.4, unapata inchi 0.4626. Tundu huwa limepanuka kidogo kuliko risasi yake, kwa hiyo tunazungumzia risasi ya .46. Si .44 ya bunduki za Henry, ile tundu lake ni jembamba kuliko hapo. Kulikuwa na .46 ya kugongwa ukingoni, na ndiyo iliyolingana na mtutu huu. Jina la mtutu ni ".44" lakini ukipima hadi chini ya mifereji iliyochongwa ndani yake unakaribia inchi 0.45, na kichwa cha risasi kilikuwa cha risasi tupu, namaanisha ile metali laini, kinajibana kikipita.

Sasa kwa nini matano? Dirisha la mwili ambamo silinda inakaa lina upana wake, huwezi kuweka silinda nene zaidi bila kuunda bastola nyingine. Silinda ya zamani iliingiza matundu sita kwa sababu kwenye baruti hakuna ukingo, tundu ni tundu. Risasi ya ganda ina pindo lililotokeza nje kuzidi mwili wake. Zipange sita za .46 kwenye duara lilelile, pindo zinapandiana kama sahani kwenye karai dogo. Ukitoa moja, tano zinakaa. Hakuna aliyekosa ya sita, jiometri ndiyo iliyoikataa.

Afande, hapa ndipo ninapokuomba ulegeze kidogo. Silinda ya matundu sita inazunguka digrii 60 kila unapovuta nyundo. Ya matano inatakiwa izunguke 72. Kile kidole cha ndani kinachosukuma meno ya silinda lazima kisafiri zaidi, meno yakatwe upya kwa hesabu ya tano, na vile vishimo vya kuishikilia silinda vikae mahali pake barabara, la sivyo risasi inatoka kabla tundu halijatazamana na mtutu, inachubua chuma. Fundi mzuri wa mtaani angeweza moja. Lakini tuna bamba la nyuma lenye kijinamba kinachofanana na cha silinda. Vijinamba hivyo mtu huvigonga akiwa na lundo la vipande mezani na anaogopa visichanganyikane. Fundi wa bastola moja achanganye na nini?

Weka sasa kwenye mizani: Remington, .46 ya ukingoni, matundu matano, tarehe ya Rollin White. Mwaka 1868 kulikuwa na mfanyabiashara mkubwa wa silaha Cincinnati, B. Kittredge na wenzake. Wateja wake wa magharibi walitaka bastola kubwa ya risasi za maganda, siyo .22 ya mfukoni. Smith na Wesson walikuwa na hataza lakini hawakuwa na bastola kubwa, ile yao ya namba 3 ilikuja kutoka 1870. Remington walikuwa na bastola kubwa tele, vita vimekwisha na jeshi halinunui tena, lakini hawakuwa na hataza. Ukafanyika mpango: bastola za Remington zipate silinda mpya za .46 kwa ruhusa ya Smith na Wesson, ziende kwa Kittredge. Zikatoka kama 4,500 hivi kati ya 1868 na 1869, kabla hataza haijafa. Ndizo zilizowatangulia wote, kwa bastola kubwa za maganda zilizouzwa kwa wingi Marekani kwa ruhusa ya mwenye hataza.

Kittredge ndiye huyohuyo aliyekuja baadaye kuzibatiza Colt za 1877 majina ya "Lightning" na "Thunderer". Muuzaji hodari, angeuza barafu Arusha mwezi wa Julai.

Na Cincinnati hadi Dayton ni mwendo wa saa moja kwa gari. Mnyamwezi, hiyo bastola haikusafiri mbali na duka.

Chuma Chakavu (#13)

Dah. Nafuta Colt yangu. Lakini Colt wenyewe walikuwa wapi wakati huo? Wamekaa tu?

Mzee wa Kasiba (#14)

Walikuwa wanazunguka ukuta wakitafuta mlango. 1868 hiyohiyo, mfanyakazi wao aitwaye Thuer alipata hataza ya kupakia risasi ya ganda kwa MBELE, ganda limechongwa kama kabari halina pindo, ili mradi wasiguse wazo la White. Kiakili ni ajabu, kibiashara ni aibu. Hataza ilipokufa ndipo wakaja na mageuzi ya Richards ya 1871, kisha ya Mason 1872. Pia walitia .38 za ukingoni kwenye bastola zao za aina ya jeshi la majini na za mfukoni. Halafu 1873 wakatoa ile ambayo wewe unaiita "ya kaubo", na mageuzi yote haya yakawa vitu vya kizamani mara moja.

Herufi U kwenye ganda, kabla sijasahau, ni alama ya kiwanda cha risasi cha Union Metallic Cartridge cha Bridgeport, hapa kwetu Connecticut. Ukiona H ni ya kiwanda cha Winchester, kwa heshima ya Henry, yule wa bunduki za .44. Ganda halithibitishi mwaka wa bastola, linathibitisha tu kwamba alikuwepo mtu aliyeipa chakula chake halisi.

Binti Mvita (#15)

Nina moja limebaki. Kama inapakiwa kwa nyuma, ule wenzo wa kushindilia kwa mbele waliuacha wa nini? Pambo?

Afande Mstaafu (#16)

Hilo nalijibu mimi dada, nipate walau alama moja kwenye uzi huu. Soma tena #9. Fundi alishusha wenzo, KISHA kipini kikatoka. Kwenye Remington wenzo ukiwa juu ndio unaokizuia kipini cha silinda kisichomoke. Uking'oe wenzo, silinda inabaki bila kitasa. Kushindilia kumekufa, ulinzi umebaki.

Na Kasiba, nimelegeza. Digrii 72 ndizo zilizoniangusha, siyo tarehe. Nimekaa na karatasi na bikari ya mjukuu wangu nikachora duara la sita na duara la tano. Ukweli ni wako.

Mzee wa Kasiba (#17)

Afande, hiyo ya wenzo sikuwa nimeifikiria kuiandika. Alama mbili, siyo moja.

Dogo wa Tegeta (#18)

Kwa hiyo bei yake je? Na anaweza kuja nayo Bongo kwenye kontena?

Afande Mstaafu (#19)

Wewe kijana. Kuingiza silaha nchini bila kibali ni jinai, iwe ya juzi au ya babu wa babu. Usimpe mwenzio wazo la kulala rumande kwa ajili ya chuma kisicho hata na risasi yake madukani.

Mzee wa Kasiba (#20)

Kwa huku, sheria ya shirikisho ya 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, haiwekwi kapu moja na bunduki za leo. Lakini kila jimbo lina yake, na mtu mwenye hati za uhamiaji za muda aulize mwanasheria kabla hajagusa, asimuulize Mzee wa Kasiba.

Bei inategemea hali. Nimeona zenye maandishi yanayosomeka zikipita dola elfu moja bila kutokwa jasho. Hii maandishi yamelika, lakini namba zinalingana, na silinda yake ipo. Mtu asiipige brashi! Asiipake rangi, asiisugue kwa limau na majivu kama sufuria ya shughuli. Ile kahawia iliyotulia ndiyo ngozi yake. Mafuta mepesi, kitambaa laini, basi. Na itoke kwenye soksi, sufi inanyonya unyevu, kutu inapenda hapo.

Papa Uvira (#21)

Nimeelewa sasa. Yule rafiki yangu alikuwa anataka kutoa dola mia moja hamsini. Nimemfuta kwenye simu.

Mnyamwezi wa Dayton (#22)

Wakuu, nimetoka kwa bibi sasa hivi. Nilikwenda na maelezo yenu yote nimeyaandika kwenye karatasi kwa Kiingereza, nikamsomea taratibu. Nilipofika kwenye pindo za risasi kupandiana na ya sita kukosa nafasi, akanikatisha, akaanza kucheka hadi akavua miwani.

Anasema mumewe, kila Krismasi akishakunywa kidogo, alikuwa akieleza wageni kwamba babu yake alipunjwa risasi moja na muuza duka wa Cincinnati. Miaka hamsini na tatu ya ndoa ameisikia hadithi hiyo, akidhani ni maneno ya pombe.

Haitoi tena. Ameniambia nisimtafutie mnunuzi. Amempigia mjukuu wake wa kike aliye chuo Cleveland, anakuja wiki ijayo, na ameniomba niwepo nimweleze ile ya digrii 72 kwa sababu yeye hataikumbuka. Mimi naye nitahitaji kuisoma tena. Malipo yangu yamekuwa keki ya tufaha nzima, na ganda lile la herufi U kwenye kibahasha. Nimemuuliza mara tatu kama ana uhakika.

Mzee wa Kasiba, Afande, chukueni maua yenu.

Picha zimekubali kupanda, hizo hapo chini.

Kiroboto (#23)

Hatimaye! Nimezitazama zote sita. Bastola nimeielewa. Sasa wajuzi wa sufi njooni: hiyo soksi ni ya mwaka gani?